Ndala Zangu Zilibaki Mlangoni

Nyumba yangu iko juu ya mawe, upande wa mlima unaotazama ziwa. Kuifikia unapanda ngazi za mwamba mpaka pumzi ikukatike. Marehemu mume wangu alipasua lile jiwe kwa moto na maji, akajenga chumba kimoja, akapumzika, akajenga kingine. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia bibi anaishi peke yake kule juu wananionea huruma. Wasinionee. Nimelea watoto watano mle ndani, na wajukuu waliopita sina idadi yao, na hakuna aliyetoka pale bila kujua kufagia uwanja na kusalimia watu.

Mmoja wa wajukuu hao si wa tumbo langu. Ni mjukuu wa dada yangu mkubwa, yule anayeishi Misungwi. Alikuja kwangu siku anaanza sekondari, mwembamba kama mwiko, akakaa miaka minne. Nilimuuguza malaria, nilimfundisha kujisitiri alipovunja ungo, nilimchapa mara moja tu na sijasahau kwa nini. Alipofaulu mtihani mtaa mzima ulinisikia. Dada yangu ni bibi yake wa kuzaa, mimi ni bibi yake wa kulea. Yeye alitutenganisha kwa njia yake: Bibi wa Nyumbani na Bibi wa Mjini.

Na sisi mabibi wawili hatukuwa tunasemeshana. Ilianzia kwenye msiba wa mama yetu. Nilifika kwa gari la mwanangu, nimevaa kitenge kipya, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kule walikokaa watu wa kanisani. Mgongo ulikuwa unauma, ni kweli, lakini haukuwa mgongo peke yake. Nilitaka nionekane. Dada akapita na sufuria ya ugali, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, akaniuliza mbele ya wanawake wote kama mgeni angependa maji ya kunawa. Wanawake wakacheka. Nikainuka, nikaingia kwenye gari, nikarudi Mwanza matanga hayajaisha. Toka siku hiyo miaka miwili ikapita. Hapigi simu, sipigi. Yule binti niliyemlea alikuwa akinipigia kwa siri, akimaliza ananiambia nisiseme kuwa amenipigia.

Mwaka huu, shule zilipofungwa mwezi wa sita, mwanangu anayefanya kazi Dar es Salaam akasema anakuja na mkewe na watoto, wanipitie, twende Bukoba likizo. Likizo mimi nilikuwa naisikia kwa walimu. Nikamuuliza, na nyumba namwachia nani?

Lilikuwa swali la haki. Wiki chache nyuma, majirani wa jiwe la chini yangu walikwenda kwenye msiba Magu. Waliaga kila mtu, wakafunga kufuli kubwa mlangoni. Waliporudi walikuta kufuli lipo salama kabisa, limening'inia kwenye mlango, na mlango wenyewe umeegemezwa ukutani na fremu yake. Wezi walikuwa wameondoka na televisheni, mtungi wa gesi, magodoro, na sufuria ikiwa na kiporo ndani.

Mwanangu akanipa masharti kwa simu kama anasoma kwenye karatasi. Nisiweke kufuli nje, nitumie kitasa. Nisimuage mtu. Wajukuu nao wamekatazwa kuweka picha za safari kwenye simu zao mpaka turudi. Na mtu akinipigia akaniuliza niko wapi, niseme niko nyumbani.

"Hata nani, Mama," alisema. "Hata ndugu. Hujui nani amekaa pembeni yake anasikiliza."

Nikamwambia nimesikia, mimi si mtoto.

Halafu nikaongeza yangu, maana yeye amezoea nyumba za geti na mlinzi. Huku kwetu mtu anajua kama mwenye nyumba yupo kwa kuangalia chini. Ndala zikiwa nje ya mlango, mwenyewe yu ndani. Ndala zikiwa hazipo, katoka. Hata mtoto anayetumwa chumvi anaangalia ndala kwanza kabla ya kupiga hodi. Kwa hiyo niliacha ndala zangu za bluu mlangoni, zile zilizoliwa kisigino, ili asizitamani mtu. Pembeni nikaweka mabuti ya mpira ya marehemu. Redio nikaiacha inaongea sebuleni, sauti ya mtu anayesikiliza huku anachambua mboga.

Mtu mmoja tu nilimwambia naondoka, jirani yangu anayeuza dagaa mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakofikia. Nilimpa kazi. Kila asubuhi kabla hajateremka ziwani afagie uwanja wangu, alama za fagio zionekane. Aanike kanga zangu mbili, jioni akirudi azianue. Ndala azigeuze, leo zitazame huku, kesho kule, moja iwe imelala ubavu kama ya mtu aliyeingia kwa haraka.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, wewe ungeingia kwenye wizi, mtaa huu tungelala chini."

Nikajiona mwerevu. Niliondoka Jumatatu alfajiri, kichwa nimekifunika, kama mimi ndiye niliyeiba.

Pale Usagara barabara inagawanyika. Ukinyoosha unakwenda Misungwi, ukikata kulia unakwenda Busisi. Mwanangu akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye kioo, kama ningependa tupite kwa mama mkubwa hata dakika kumi, tumsalimie. Nikamwambia tutachelewa. Akakata kulia. Tulivuka ziwa juu ya daraja, gari halikusimama hata kidogo, na mimi niliyelala kivukoni na magunia ya mpunga ujana wangu nilikaa nikatazama maji yanavyopita chini kama si yaleyale. Wajukuu waliniuliza kama naogopa. Niliwaambia bibi yenu haogopi zege.

Bukoba tulipanga nyumba nzima, ina baraza, na mtu wa kupiga deki anakuja kila siku. Nilikaa. Nilikula ndizi mpaka nikachoka. Niliwafundisha wajukuu kuparua samaki, na yule mkubwa wa kike, anayejua Kiingereza kuliko mwalimu wake, aliparua vizuri kuliko mama yake, na nilisema hivyo mbele ya mama yake.

Alhamisi jioni simu ikaita, nikiwa barazani. Ni yule binti. Mpiga deki alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na kwenye ngazi walikaa watu wawili wa nyumba ya pili nisiowajua. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa. Akaniuliza niko wapi.

"Niko nyumbani," nikasema.

"Nyumbani kwako, Bibi? Pale juu?"

"Kwani nina nyumba ngapi?"

Akauliza tena, "Na leo mchana ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Sijatoka hata mlangoni."

Akauliza kama naumwa. Nikamwambia mzima kabisa, nimekula nimeshiba, nilikuwa nimejilaza nasikiliza redio. Hiyo ya redio niliiongeza mwenyewe. Iliniingia vizuri mdomoni.

"Haya, Bibi," alisema. "Nimekuelewa." Akakata.

Nilimwambia mwanangu, umeona, nimeulizwa na nimejibu kama ulivyonifundisha. Akasema Mama umeiva. Tukacheka. Tulikaa Bukoba siku nyingine tisa, binti hakupiga tena, na mimi sikulitilia maanani. Nilijua ana mambo yake.

Tulirudi Jumapili ya pili. Wakaniacha chini ya ngazi na mizigo yangu, wao wakaendelea na safari, wana kazi. Nilipanda nimejiandaa kukuta lolote. Sikukuta lolote. Kanga zilikuwa kwenye kamba. Ndala zilikuwa mlangoni, moja imelala ubavu. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Jirani yangu alikuja na dagaa kwenye bakuli, tukazunguka chumba kwa chumba tunahesabu vitu, na hata sindano iliyochomekwa kwenye pazia ilikuwepo. Nilimkumbatia. Nilimpigia mwanangu, yeye akiwa bado njiani, nikamwambia nyumba yako uliyokulia iko salama kuliko benki.

Jumatatu asubuhi nikashuka kununua nyanya. Pale ngazi zinapoanzia kuna genge la mzee mmoja ambaye anaona kila anayepanda na kila anayeshuka. Siku zote tunataniana. Siku hiyo hakunitania. Alipima nyanya, akafunga, akanipa bila kunitazama.

"Mama," akasema, "dada yako alikukosea nini?"

Nikamuuliza dada gani.

Akanieleza akiwa anapanga vitunguu. Alhamisi ya wiki ya juzi, mchana wa jua kali, alifika mwanamke mzee anayefanana nami pua, goti moja linamsumbua, ana kuku hai kwapani na kifuko mkononi. Alimuuliza yeye kama nipo. Na yeye akamjibu yupo, mama huyo yupo, asubuhi hii nimeona kanga zake zimeanikwa, we panda tu. Yule mama akapanda akishika mawe. Alikaa kule juu muda mrefu. Mzee alimsikia anapiga hodi, akaacha, akapiga tena, akaita kwa sauti. Hata yeye mwenyewe kutoka gengeni alinyanyua sauti akamwambia ongeza nguvu, yupo huyo, labda amesinzia. Mwisho akashuka.

"Alishuka na kuku wake," alisema yule mzee. "Nikamwangalia tu. Mtu na umri ule."

Nikamwambia nilikuwa Bukoba. Alisimamisha mikono juu ya vitunguu. Akasema kila siku ameona uwanja umefagiwa. Nikalipa, nikapanda. Sikumbuki ngazi.

Kwetu mtu aliyekosana na ndugu yake akiamua kumfuata mlangoni na kuku hai, ameshaweka neno lake chini. Kilichobaki ni wewe kumpokea huyo kuku. Ukimwacha arudi naye, umejibu.

Jirani alipotoka mwaloni nikamuuliza kama aliona dalili yoyote Alhamisi ile. Alifikiri. Akasema jioni alikuta kinyesi cha kuku karibu na ndala zangu, akajua ni wale kuku wa mtaani, akafagia. Alipoona uso wangu akaanza kulia yeye. Mimi sikulia. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa, unaubonyeza na unajua ni wako lakini hakuna kitu. Nilikata nyanya, nikapika, nikala, nikaosha sahani.

Nilimpigia binti mara nne. Inaita, haipokelewi. Namba ya dada niliyokuwa nayo haikuwa hewani.

Jumanne nikaenda Misungwi. Niliingia uwanjani kwa dada saa nne asubuhi, na kabla sijapiga hodi nikaona mashimo ya nguzo za turubai, manne kila upande, na udongo wake bado mbichi. Kwenye waya wa umeme kulikuwa na utepe mweupe umenaswa, unapepea. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa juu kwa juu vinasubiri kuchukuliwa. Nikaelewa pale palikuwa na harusi. Nilisimama nikavihesabu vile viti, sijui kwa nini.

Dada alikuwa amekaa chini kivulini, miguu ameinyoosha, anakata viazi vitamu vya kukausha michembe. Amekonda. Hakuinuka.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa chini, si kwenye kiti. Nikamweleza yote bila kupumzika: Bukoba, wezi wa jiwe la chini, ndala, kanga, jirani, redio. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia mjinga, maana ukiyasema mambo hayo kwa mtu aliyesimama juani na goti bovu yanakuwa kama hadithi za kitoto. Alinisikiliza, kisu hakikusimama.

"Nilisikia mnacheka ndani," alisema. "Nimepiga hodi ya tatu, watu wakacheka, na mwanamume mmoja yumo. Mabuti yake nikayaona. Nikasema basi, amepata watu wa kukaa nao, wananicheka."

"Ni redio, dada."

"Nimekusikia."

Akanieleza na yeye, taratibu, kama anaeleza habari za mtu mwingine. Binti alikuwa amechumbiwa muda mrefu, mimi nilifichwa mpaka wazee wayamalize yetu. Katika ukoo wetu binti akiagwa, mabibi wawili humfunika kitenge kipya kichwani, huyu upande huu na huyu upande ule, wakamtoa ndani hivyo mpaka mbele ya watu. Binti alisema upande mmoja ni wa Bibi wa Mjini, au hatoki. Dada akakataa. Binti akalia siku mbili, hataki kula. Ndipo dada akakamata kuku akaja. Aliporudi na kuku wake akamwambia binti, nimefika, yumo ndani, hakufungua. Binti hakuamini. Alisema labda sikusikia, masikio ya wazee, ngoja nimpigie mwenyewe.

"Akaweka simu sauti ya nje," alisema dada. "Nilikuwa nimekaa pale ulipokaa wewe."

Kwa hiyo alikuwa amenisikia nikisema kwani nina nyumba ngapi. Amenisikia nikisema nimeshiba.

Nikamuuliza nani alishika upande wangu. Akasema mke wa mzee wa kanisa. Jumamosi ile, yaani siku moja kabla sijarudi. Nikajaribu kukumbuka Jumamosi ile nilikuwa nafanya nini nikakumbuka: nilikuwa napigwa picha na wajukuu ufukweni, nimevaa miwani ya jua ya mkwe wangu.

"Sasa yuko wapi?"

"Kwa mumewe, Geita. Ameondoka jana."

Nikamwambia hapokei simu yangu. Dada akafuta mikono kwenye kitenge, akatoa simu yake ndogo kifuani, akapiga, akanipa. Ilipokelewa mara moja, binti akasema Bibi, kwa sauti laini, akidhani ni yule mwingine. Nikasema ni mimi. Ulaini ukamtoka, lakini akanisalimia. Nimemlea vizuri. Nikamwambia sikuwepo, mama, nilikuwa Bukoba, nilifundishwa kusema niko nyumbani kwa ajili ya wezi. Nikamwambia mimi kukufungia mlango siwezi, wewe wala bibi yako.

"Na sasa hivi uko wapi?" aliuliza.

"Niko Misungwi. Niko kwa bibi yako, nimekaa naye hapa."

Nilisikia kuku wa huko Geita.

"Naomba nimsikie Bibi mwenyewe," akasema.

Nikamrudishia dada simu. Aliiweka sikioni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimefika, muda mrefu, kama mtu anayeangalia kama kitambaa kinachuja rangi.

"Yupo," akamwambia. "Ndiyo. Yupo kweli, amekaa chini hapa." Akasikiliza. "Hayo utamuuliza mwenyewe ukija. Mimi sikuwa Bukoba." Akasikiliza tena. "Haya mwanangu. Msalimie mumeo."

Sikuuliza binti amesema nini, na yeye hakuniambia. Alirudisha simu kifuani. Jua lilikuwa limeshapanda, na viazi vilivyobaki kwenye beseni vilikuwa vingi, vikichelewa kuanikwa vinaharibika. Akaingia ndani goti likimlia, akatoka na kisu cha pili, akakiweka chini kati yetu.

Nikakichukua, nikaanza kukata. Mikono ilifanya yenyewe. Nilikata viazi vitatu, vinne, nikivirusha kwenye ungo. Akaokota kipande changu kimoja, akakigeuza kwenye mwanga.

"Vinene hivi havikauki," alisema.

Nikakata vyembamba.